Gari Uliloahidi Jumapili

Furaha mwanangu,

Umetoka saa nane kwenda Majengo kusukwa nywele, na kwa jinsi ninavyomjua msusi wako, hatakuachia kabla ya jua kushuka. Mama yako yuko jikoni anatwanga majani ya muhogo, sombe ambayo hutaweza kuimaliza. Mimi nimekaa mlangoni, daftari juu ya magoti. Nikimaliza nitaikunja barua hii na kuiweka ndani ya kamusi yako, maana hiyo najua utaifungua, hata ukisahau vingine vyote.

Habari za makoti, za pasipoti, za kutolala njaa, nimewaachia mama yako na shangazi zako. Wameshazisema mara tatu tatu. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni gari uliloahidi Jumapili.

Unakumbuka tulivyokaa kwa baba mkubwa wako Serafini, kule Keshero. Walikuwepo wazee wa kilima chetu waliobaki, wote waliokimbilia Goma kama sisi, na kikombe cha pombe ya ndizi kilikuwa kinazunguka. Serafini akakuuliza swali wanaloulizwa wote wanaoondoka.

"Furaha, mutoto wetu, unaenda mbali. Tutakukumbuka na nini?"

Ukajibu vizuri. "Na masomo, papa mukubwa."

Wakacheka. Shangazi yako Veronika akadakia, "Masomo, tutaipanda namna gani kwenda misa?"

"Sema kitu ya miguu ine!" akapiga kelele mzee mmoja.

"Ngombe?"

"Gari, wewe! Ngombe utaituma na ndege?"

Serafini akainua mkono, wakanyamaza. "Jirani yangu, mutoto wake alituma gari. Ikapita Bunagana, ikafika hapa. Sasa jirani hatusalimii tena, anapiga honi tu. Na sisi, mutoto wetu, tubakie kusalimia watu na kinywa?"

Ulinitazama. Nakumbuka vizuri kwamba ulinitazama, na mimi nikainama kama mtu anayetafuta kitu chini ya kiti. Basi ukasema, "Miaka mbili, papa mukubwa. Gari itafika." Wakapiga makofi, ukapewa kikombe, ukanywa.

Unajua maana ya kunywa baada ya neno. Kwetu mtu akisema mbele ya wazee kisha akanywa, neno limefungwa. Huwezi kulivuta tena kwa simu kutoka Ubelgiji, ukasema ulikuwa unatania. Na jana asubuhi nilikusikia nyuma ya nyumba ukimwuliza binamu yako aliye huko kama mwanafunzi anaweza kusimamisha masomo mwaka mmoja ili afanye kazi. Hujapanda hata basi la Kigali, na gari limeshaanza kukutoa shuleni.

Ningesema Jumapili. Sikusema kwa sababu niliona aibu, na aibu yenyewe ina historia ambayo hatujawahi kukusimulia. Mama yako ameniruhusu.

Nilipokuwa kijana nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya Rutshuru, na nilikwenda kazini kwa miguu. Mwendo wa saa moja na nusu kushuka, saa mbili kupanda. Njia ilipita katikati ya mikalitusi, halafu kwenye malisho ambako wachungaji walinijua kwa jina, halafu kando ya mto. Nilikuwa nasoma nikitembea. Miguu iliijua njia, kwa hiyo macho yalikuwa huru. Vitabu vingi nilivyowahi kuvielewa, nilivielewa kati ya ile mikalitusi na ule mto, na leo nikisikia harufu ya majani yake yakichomwa, kurasa zinanirudia kabla ya kilima. Lakini wakati ule sikuviona kama utajiri. Nilijiona mtu mzima mwenye diploma ambaye viatu vyake vina matope kila asubuhi mbele ya wanafunzi.

Baba yangu alipofariki aliniachia malisho na ng'ombe watatu. Niliviuza, nikanunua gari. Lilikuwa jeep kuukuu, rangi ya majani makavu, lililoingia kwa mpaka wa Bunagana. Nilikaa pale siku nne nikingojea karatasi za forodha, nikilala ndani yake kwa furaha. Nilipolipandisha kilimani watoto walikimbia nyuma, na nyanya yako, yule uliyemwita Koko, alitoka na kibuyu akanyunyizia tairi maziwa, kama alivyozoea kumkaribisha ndama. Akaliambia, "Ukae muzuri na wengine." Wengine walikuwa wameshauzwa.

Sitaki ufikiri kwamba sikulipenda. Nililipenda sana. Jumapili nilimpeleka Koko misani akiwa amekaa mbele, kichwa juu, akiwapungia mkono wanawake aliotembea nao miaka yote. Mama yako alikuwa na kitenge cha bluu alichokivaa siku za gari tu. Wewe ulizaliwa gari likiwa na mwaka mmoja, na neno lako la pili lilikuwa sauti ya injini. Lakini ukweli ni kwamba siku nyingi lilisimama uani bila mafuta, na mimi nilitembea kwenda kazini kama zamani, ila sasa bila kitabu. Nilikuwa natembea nikihesabu siku za kupata mafuta. Gari lilinichukulia ile njia hata siku ambazo halikunibeba.

Halafu vita vikapanda hadi kwetu. Ulikuwa na miaka mitatu. Milio ilianza upande wa chini, na kabla ya saa tatu kilima kizima kilikuwa barabarani. Jambo la kwanza walilofanya majirani lilikuwa kuja uani kwetu. Mmoja alileta cherehani, mwingine godoro, mwingine sufuria kubwa za arusi, na katekista akaleta sanduku la kanisa. Waliingiza vyote ndani ya gari. "Mwalimu iko na gari, atatufikishia." Kisha wakaondoka mikono mitupu, wakitembea haraka kuliko sisi sote.

Gari halikuwa na mafuta. Walijua. Mimi pia nilijua. Kijana mmoja alikuwa ametumwa mjini na kidumu, na tulisadiki kwamba atarudi. Nilimwambia mama yako atangulie na wewe, na kwamba mimi na Koko tutawapita njiani, atusikie honi. Akaniangalia, akakufunga mgongoni, akaenda. Alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Nilikaa ndani ya lile gari siku mbili. Mimi niliyefundisha watoto kwamba mashine isiyo na nishati ni jiwe lenye umbo zuri, nilishika usukani nikalinda cherehani ya watu. Koko alikaa nyuma juu ya godoro, akisali rozari, na kila alipomaliza fumbo aliniuliza, "Mutoto wa kidumu anakuya?" Nikamjibu anakuja. Siku ya tatu asubuhi aliacha kuuliza. Akasema, "Mwanangu, shuka. Hii kitu haituone."

Aliyetuokoa alikuwa mbeba viazi, na chukudu lake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ya kusukuma mizigo. Alimwaga gunia zima shambani ili Koko apate pa kukaa. Nilifungua betri ya gari, nikaiweka miguuni pake, kwa sababu sikuweza kuondoka bila kuchukua kitu chochote. Tukaelekea Goma. Kwenye miinuko tulisukuma wawili. Kwenye miteremko mwenye chukudu alipanda, akaliachia, na nilimsikia mama yangu, mwenye miaka sabini na kitu, akicheka kwa sauti ya msichana huku nchi yetu ikiungua nyuma. Mpaka anakufa alisema hakuwahi kupanda kitu kizuri kama kile. Nami nilikuwa nimemnunulia jeep.

Nilimtafuta mama yako siku kumi na moja. Nilimkuta kwenye darasa la shule moja, amekaa ukutani, wewe umelala kwenye paja lake. Uliponiona ulificha uso. Niliona tumbo lake limeshuka. Hakungoja niulize.

"Ilitoka Kibumba," akasema. "Kulikuwa mvua."

"Nani alikusaidia?"

"Wamama."

Kisha akaniuliza, "Na gari?" Hakuuliza kwa hasira, Furaha. Aliuliza kama mtu anavyouliza habari za mgonjwa wa jirani. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na mara nyingi nimetamani angenilaumu, nikajua pa kuweka mikono.

Ungekuwa na mdogo wako. Alikuwa mvulana. Sasa unajua kwa nini mama yako hupenda kunyamaza tunapopita Kibumba.

Sehemu iliyobaki unaijua, kwa sababu ulikuwepo. Ile betri, pamoja na paneli ndogo ya jua niliyobadilishana na saa yangu ya mkononi, ndiyo iliyotulisha Majengo. Nilichaji simu za watu kwenye kibanda cha mbao, na wewe ulikaa juu ya debe, ukitamka volti jinsi watoto wengine wanavyotamka majina ya wachezaji wa mpira. Ukiwa na miaka saba uliniuliza kwa nini betri inachoka mapema kila jioni. Nikakujibu ni ya zamani. Halikuwa jibu kamili. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa muda mfupi, iwashe injini, halafu ijazwe tena palepale. Mimi nilikuwa naikamua mpaka chini kila siku, kwa kuwa watu wa kuchaji walikuwa wengi na sikuweza kumkatalia mtu. Baada ya miezi michache ikafa. Mwalimu wa fizikia! Nilijua kanuni, ila nilitaka kuwafaa wote. Nakuandikia hili kwa sababu una moyo kama wangu, na huko simu zitakupigia kutoka kwetu kila siku, kila mmoja akiwa na shida ya kweli.

Halafu umeme wa maji ukafika. Unakumbuka usiku ule taa ya kwanza ilipowaka nyumbani na mama yako akaizima akaiwasha, akaizima akaiwasha, mpaka jirani akauliza kama tuna harusi? Wewe ulifurahia taa. Mimi nilikuwa nawaza mto. Maji yanayozungusha mitambo ya umeme huo ni ya mto wa Rutshuru, ule ule niliopita kando yake na kitabu mkononi. Miaka yote hii nimeshindwa kurudi kwake, na yeye amenifuata mpaka Goma kwa waya. Kibanda changu kilikosa wateja ndani ya majuma machache, nami sikununa. Niliwahi kuweka kiganja kwenye balbu, kama unavyogusa kichwa cha mtoto aliyetoka safari, nikaungua, nawe ukanicheka.

Na siku ile ulipotoka ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, umepanda pikipiki ya umeme kwa mara ya kwanza, uliingia ukipiga kelele, "Papa, haina sauti! Inakwenda kama mutu anafikiri!" Nadhani ndipo ulipochagua masomo yako, ingawa barua uliyowaandikia chuo ilisema mambo makubwa zaidi. Watakapokufundisha betri za magari ya umeme, usikae nyuma kama mgeni. Madini yaliyomo ndani yake, mengi yametoka katika nchi hii, na mikono iliyoyachimba ina majina. Hakuna haja ya kuhutubia mtu. Wewe jua tu, na uulize maswali yako kwa sauti ya kawaida.

Binamu yako anasema katika mji utakaosoma hata profesa anakwenda kazini kwa baiskeli, mvua ikinyesha, begi limefungwa nyuma, na hakuna anayemhurumia. Wengine hupanda tramu, wakisoma. Nilipomsikia nilipata wivu wa kijinga, wivu wa mzee. Nilimwona yule kijana wa mikalitusi, nikatamani mtu angemwambia kwamba alikuwa anaishi vizuri. Utakaa miaka bila gari, mwanangu, na watu wa huku watakuuliza kwenye simu kama bado unatembea. Utawajibu utakavyoona. Mimi sitakuuliza hivyo. Nitakuuliza njia yako inapita wapi, ina miti gani, na ulisoma nini ukiwa tramuni.

Sasa la leo asubuhi. Ulifikiri nimekwenda kutafuta karatasi yako ya chanjo. Nilikwenda Keshero na kidumu cha pombe ya ndizi, kwa sababu neno linafunguliwa mahali lilipofungwa, mbele ya masikio yale yale. Nilikuwa nimewapigia wote simu alfajiri. Walikuja, Veronika akiwa na kanga ya kulalia.

"Mukubwa," nikamwambia Serafini, "nimekuya kufungua neno ya mutoto. Ya gari."

"Apana. Alisema ye mwenyewe. Kinywa yake iko na meno yote."

"Alisema kwa sababu mulimukamata."

"Kamba iko wapi?" Wakacheka.

Basi nikawaambia. Cherehani na sufuria za arusi walizikumbuka, mmoja wao alikuwa mwenye cherehani. Kibumba hawakuijua. Hata kaka yangu hakuijua. Nilipomaliza, Veronika alikuwa ameweka mkono mdomoni, na yule mwenye cherehani akatoka nje kidogo.

Serafini hakulainika upesi. "Wewe ulikuwa na gari, ukaonja," akasema. "Ni rahisi kukataza wengine sukari yenye ulisha kula. Unafikiri mimi nataka honi? Magoti yangu imekufa, mudogo wangu. Nilitaka siku barabara itatulia, wanipeleke kwetu nione tu pahali nyumba ilisimama."

Miaka yote nimedhani ni mimi peke yangu ninayekitamani kilima. Nikamwambia, "Siku hiyo ikifika, nitakupeleka mimi. Hata kwa chukudu."

"Mimi si viazi."

"Na mama alikuwa viazi?"

"Mama alikuwa mwepesi," akasema. Tukacheka wote wawili, halafu akafuta macho kwa kiganja, akadai ni moshi, ingawa jiko lilikuwa halijawashwa.

Nikamjazia kikombe. Kama angekataa kunywa, neno lingebaki limefungwa, na nisingekuwa na la kufanya zaidi, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Alikishika muda mrefu. Mzee mmoja akakohoa. Serafini akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akanywa mpaka nusu, akanipa, nikamaliza. Kikapelekwa kwa Veronika, na yeye akanywa, lakini hakuweza kujizuia.

"Sasa atatuletea nini, basi?"

"Atajileta ye mwenyewe," akasema Serafini. "Jaza kikombe."

Walikunywa wote, hata yule wa cherehani alirudi akanywa. Nimekuandikia kwa sababu hukuwepo, na ni haki ya mwenye neno kujua saa lilipofunguliwa: ilikuwa saa mbili na robo. Mpigie binamu yako, umwambie hutasimamisha masomo.

Papa yako